Abiria Wote Wanakwenda Msibani

Ilikuwepo nchi, na anayebisha kwamba haikuwepo aseme kwanza yeye alikuwa wapi siku hizo.

Ilikuwa nchi nzuri. Uzuri wake ulitangazwa redioni kila asubuhi kabla watu hawajatoka nje wakajionea wenyewe. Ilikuwa na bendera, na wimbo, na mlima mmoja mrefu uliofungwa kwa matengenezo. Ilikuwa pia na mtawala, aliyeitwa Mtukufu tu, maana jina lake alilopewa na mama yake lilikuwa limechakaa kwa kutajwatajwa, likahifadhiwa.

Siku moja Mtukufu alikuwa anakatiza mjini katika gari lake refu la vioo vyeusi. Kwenye kona dereva akapunguza mwendo, Mtukufu akachungulia. Akaona watu wamesimama kituoni. Wengi, wake kwa waume, wenye vikapu na wasio na vikapu. Basi likaja, wakapanda, likaondoka nao.

"Wale wanakwenda wapi?" akauliza.

Waziri aliyekaa mbele akageuka. "Wapi, Mtukufu?"

"Ndilo swali langu hilo."

"Wanakwenda... wanakwenda mbele, Mtukufu."

"Mbele wapi? Mimi nimewaambia waende?"

Waziri akageukia kioo cha mbele. Miaka yote hiyo Mtukufu alijua watu wake wanakula nini, na wanasema nini wakishiba, na wanasema nini zaidi wasiposhiba. Lakini kwamba kila siku ya Mungu wanatoka hapa wanafika pale, wanarudi, na yeye hajui wamefuata nini, hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Chakula cha mchana kikamshinda. Kabla jua halijazama ilikuwa imeundwa Wizara ya Abiria na Mwelekeo, na waziri ni huyohuyo wa kiti cha mbele, kama adhabu.

*

Sasa katika mji huo alikuwepo Bi Mashavu binti Kombo, mjane, mtu mzima wa kutosha kupishwa kiti kwenye basi, lakini si mzima kiasi cha kukipokea bila kununa. Aliishi mtaa wa Ndimuni na mwanawe wa pekee, Idrisa, aliyekuwa na kazi serikalini na shingo ndefu ya kuvalia tai.

Kila Alhamisi, vyombo vya mchana vikishaoshwa, Bi Mashavu alijifukiza udi, akavaa buibui lake la pasi, akachukua mwavuli wake, akauvunja njiti moja. Aliivunja hapo mlangoni, polepole, huku akitazama huku na huku kama mtu anayeiba nyumbani kwake. Kisha alipanda basi namba tisa mpaka Darajambili, kwa Mzee Feruzi, fundi miavuli.

Mtu asije akawaza vibaya. Mzee Feruzi alikuwa mgane, mtu wa heshima zake, mwenye baraza na meza ya kazi na migomba miwili mitatu nyuma ya nyumba. Katika nchi ile mvua ilinyesha kwa kusitasita sana, kwa hiyo wateja wake walikuwa wachache, na siku ya Alhamisi alikuwa mmoja.

"Umevunjika tena," Mzee Feruzi angesema.

"Miavuli ya siku hizi, Bwana Feruzi."

"Njiti ileile."

"Ndiyo nashangaa na mimi."

Basi mzee angeinjika kahawa, na njiti moja ingetengenezwa mchana kutwa. Mzee Feruzi alikuwa na neno kooni. Bi Mashavu alilijua neno hilo; alilisikia likipanda na kushuka kila Alhamisi kwa mwaka mzima sasa, na kila lilipokaribia mdomoni mzee wa watu alishika koleo. Bi Mashavu hakutaka kingine duniani. Alitaka neno lile litoke kabla mwavuli haujaisha, na kabla Idrisa hajajua mama yake anapanda basi kufuata nini.

*

Wizara mpya ilihitaji watu, na Idrisa akateuliwa Mkurugenzi wa Mwelekeo. Makarani wakavishwa vizibao vya njano, wakatumwa mabasini wamuulize kila abiria umri wake, kazi yake, anatoka wapi, anakwenda wapi, kufanya nini, na huwa anakwenda mara ngapi.

Mji ukaingiwa na baridi.

"Hilo la mara ngapi ndilo silipendi," alisema mama mmoja muuza maandazi pale kituo cha Ndimuni. "Mara ngapi ili iweje?"

"Wajue nyumba inabaki tupu lini," akajibu mwanamume mmoja aliyevaa jezi ya mpira.

"Nani, wezi?"

"Wezi nimewataja mimi? Nimesema wao."

Wengine wakasema basi namba tisa litaondolewa. Wengine wakasema litaongezewa mwenzake, na hilo likawatia hofu zaidi, maana serikali ile haikuwahi kuongeza kitu bila mtu kuja kukilipia kwa namna fulani. Bi Mashavu alisikiliza yote huku ameukumbatia mwavuli wake uliovunjika, akaona kizibao cha njano kinapanda mlango wa mbele.

Aliyekivaa aliitwa Karani Salehe, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya mkononi, ile ya kufumwa kwa uzi. Akaanza na yule wa jezi.

"Ndugu yangu, unakwenda wapi?"

Yule wa jezi akatazama dirishani, akatazama viatu, akasema, "Msibani."

Karani akavua kofia. "Pole sana, ndugu yangu." Akasogea kiti cha pili.

Basi zima likaona. Ukisema sokoni, utaulizwa unanunua nini, na umepata wapi cha kununulia. Ukisema hospitali, utaulizwa unaumwa nini, na nani amekwambia dawa zipo. Lakini msibani! Mtu aliyelelewa akisikia msibani anavua kofia, anasema pole, ananyamaza. Na makarani wale, kwa bahati mbaya ya serikali, walikuwa wamelelewa.

Kiti cha pili alikuwepo binti mwenye rangi mbichi ya kucha, bado anazipuliza. Msibani. Nyuma yake wazee wawili na ubao wao wa bao kwenye mfuko. Msibani, wote wawili. Akafuata mama mmoja mnene mwenye keki ya ghorofa tatu mapajani, imeandikwa "Hongera" kwa sukari ya waridi.

"Msibani," akasema yule mama.

Karani Salehe akaitazama keki.

"Marehemu alikuwa anaipenda," akasema yule mama.

"Poleni sana. Na wewe, bibi?"

"Msibani, mwanangu," akajibu Bi Mashavu.

"Huwa unakwenda mara ngapi?"

"Kila Alhamisi."

Karani machozi yakamlengalenga. "Mungu akupe subira, bibi yangu."

"Ninayo," akasema Bi Mashavu. "Ila inakaribia kwisha."

*

Ripoti ilisomwa Ikulu na Idrisa mwenyewe, katika tai iliyomkaba. Aliwasimulia mama yake na kuta za sebuleni baadaye.

Alikuwa ameanza vizuri. "Mtukufu, utafiti wetu wa kina, wa kitaalamu na wa kizalendo umebaini kwamba abiria wa nchi hii ni wa jinsia mbili. Wana umri, na umri huo unaongezeka. Hupanda basi wakiwa hawajafika, na hushuka wakifika." Mawaziri wakapiga makofi. "Kuhusu madhumuni ya safari, kati ya abiria kumi, tisa wanakwenda msibani."

"Na wa kumi?" Mtukufu akauliza.

"Wa kumi ni kondakta, Mtukufu."

 Mtukufu akauliza swali ambalo wataalamu hawakujiandaa nalo.

"Nani amekufa?"

Mawaziri wakafungua mafaili.

"Mji mzima unazika," akasema Mtukufu. "Kila siku. Wanabeba mpaka keki. Na mimi sijaambiwa ni nani." Akawapitia mmoja mmoja kwa macho. "Ni mtu gani huyo, ambaye akifa, mji mzima unapanda basi?"

Hapo kila waziri alijua jibu, kwa kuwa ndilo walilolihutubia kila siku: kwamba nchi hii ina mtu mmoja tu wa maana. Mtukufu akashika kifundo cha mkono wake wa kushoto, akaanza kuutafuta mshipa, kama bado unapiga.

"Ni mimi?"

Kusema ndiyo ilikuwa uhaini. Kusema siyo ilikuwa kukiri kwamba yuko mtu mwingine ambaye mji mzima unaweza kumlilia, na huo ulikuwa uhaini wenye mkia. Waziri wa Abiria akakohoa.

"Suala hilo, Mtukufu, lipo katika hatua za awali za uchunguzi."

Kuanzia hapo Mtukufu hakuwa na raha. Alianza kukumbuka mambo. Picha yake imetundikwa kila ukuta, kama ya marehemu. Nyimbo zake zote zinasema hakuna wa kufanana naye, na pengo lake halitazibika. Ya nani hayo kama si ya maiti? Watu wakimwona wanainamisha macho na kunong'ona. Na anapotoka, gari lake refu jeusi linatangulia polepole, na mengine yanafuata nyuma yamewasha taa mchana kweupe. Alimfinya mpishi wake, mpishi akalia. Akamwamuru mpishi amfinye yeye, mpishi akakataa kwa kuihofia roho yake. Akabaki na shaka yake.

Amri ikatoka: kila abiria anayekwenda msibani amtaje marehemu kwa jina na makazi. Atakayeshindwa atashushwa, aulizwe vizuri zaidi mahali penye utulivu.

"Mama," Idrisa alimwambia Bi Mashavu asubuhi ya Alhamisi, "marehemu asipopatikana leo, mimi sirudi. Ameniambia hivyo Waziri. Na yeye kaambiwa hivyohivyo."

*

Mchana huo Karani Salehe alipanda namba tisa pamoja na askari wawili, na kofia yake aliiacha nyumbani.

"Msibani? Marehemu nani?"

"Mjomba," akasema yule wa jezi.

"Jina."

"Mjomba... Mjomba tu, tulimzoea hivyo."

Wakamshusha. Binti wa kucha akamtaja bibi yake mzaa mama, kumbe bibi huyo ni jirani wa Karani Salehe, na asubuhi ileile wamegombania kuku. Akashushwa. Wazee wa bao wakataja watu wawili tofauti kwa msiba mmoja. Wakashushwa na ubao wao.

"Na wewe, bibi? Wa kila Alhamisi?"

Bi Mashavu alifungua mdomo kumtaja maiti yeyote. Maiti alikuwa nao wengi, mtu wa umri wake hakosi. Lakini ilikuwa Alhamisi, udi unamnukia, njiti ameshaivunja, na kichwani mwake siku hiyo lilikuwemo jina moja tu, halikuacha nafasi ya jingine.

"Feruzi," akasema. "Fundi miavuli wa Darajambili."

Akalisikia mwenyewe limetoka. Akataka kulirudisha, lakini nyuma yake tayari mama wa keki amedakia.

"Hata mimi! Nakwenda kwa Feruzi huyohuyo!"

"Sote! Alikuwa mtu wa watu!"

"Uuuwi, Feruzi! Mwavuli wangu kautengeneza yeye!" akalia mtu mmoja ambaye mvua ikinyesha hujifunika gunia.

Walioshushwa wakasikia, wakarudi kupandia mlango wa nyuma wakimlilia Feruzi. Kufika kituo cha pili basi zima lilikuwa linatiririka machozi, na namba saba iliyokuwa inapishana nayo ikauliza nani, ikaambiwa, ikaanza kulia nayo. Kabla ya alasiri hapakuwa na abiria katika mji ule aliyekwenda kwa mwingine.

*

"Bwana Feruzi," Bi Mashavu alisema, hata hodi hakupiga, "nimekuua."

Mzee Feruzi alikuwa anapuliza mkaa wa kahawa. "Lini?"

"Sasa hivi. Kwenye basi."

"Kumbe ndiyo maana. Kuna mtu kapita hapa kaniuliza mazishi saa ngapi. Nikamwambia sijui, mimi sijaambiwa kitu."

"Hapana mzaha! Watakuja."

"Wakija watanikuta," akasema Mzee Feruzi, akamimina kahawa vikombe viwili. "Si wataniona mzima?"

Gari la serikali likafunga breki mbele ya baraza. Akashuka Waziri, akashuka Idrisa. Idrisa akaviona vikombe viwili. Akauona mwavuli. Akamwona mama yake, amepaka wanja.

"Mama? Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja msibani," akasema Bi Mashavu.

"Marehemu yuko wapi?" Waziri akauliza, maana alikuwa na haraka.

"Feruzi ni mimi," akasema Mzee Feruzi.

Waziri akamtazama kwa shaka kubwa. "Una shahidi?"

"Wa nini?"

"Wa kwamba u hai. Mji mzima umeshuhudia umekufa, mzee, wakubwa kwa wadogo, kwa machozi. Upande wako naona shahidi mmoja, tena mwenye maslahi."

Idrisa akamvuta Waziri pembeni, lakini si pembeni sana. Bi Mashavu alisikia. "Mheshimiwa, mtu mwenyewe yu hai. Turekebishe ripoti."

"Ripoti Mtukufu ameshaletewa. Kashusha pumzi, kasema kumbe ni fundi miavuli, kalala usingizi. Ripoti haiwezi kurekebishwa." Waziri akageuka, akamwangalia Mzee Feruzi toka kichwani mpaka kandambili, kama mtu anayechukua vipimo. "Marehemu anaweza."

Bi Mashavu alimtazama mwanawe, akamtazama fundi. Huyu mtoto wake, yule neno lake, na katikati ni ulimi wake mwenyewe. Akaweka sauti ya msibani.

"Mheshimiwa, mazishi ni lini?"

"Kesho adhuhuri. Ya kitaifa. Na Mtukufu atakuja mwenyewe kufunua jeneza, amwone uso, ahakikishe si yeye. Asipokuta maiti ndani ya jeneza, bibi, zitapatikana tatu: mimi, huyu mkurugenzi, na huyu mbishi."

"Basi tuachieni marehemu wetu. Kwetu maiti haandaliwi na wageni. Nyie leteni jeneza, na mchele, na ng'ombe."

"Na wewe ni nani wake?"

 Mzee Feruzi akatafuta koleo.

"Ni mfiwa," akasema Idrisa, taratibu, akiutazama ule mwavuli. "Wa kila Alhamisi."

Gari lilipoondoka na Waziri, mkurugenzi alivua tai, akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba kumkatia mama yake mgomba wa urefu wa mtu.

*

Mji ule haukuwahi kuona mazishi kama yale. Mabasi yote yaliandikwa "Msibani", kwa hiyo hakuna aliyepotea njia. Jeneza lilifunikwa bendera. Waziri akahutubia mpaka jasho likamlowesha.

"Feruzi hakutengeneza miavuli, ndugu zangu! Feruzi alitengeneza kivuli cha taifa! Nani atatukunjulia? Nani atatukunja?"

Watu wakalia kwa bidii, kila mmoja akimwangalia jirani yake kama analia vya kutosha. Bi Mashavu alikuwa jikoni uani kwa marehemu, mbele ya masufuria, akaona kofia ya Mzee Feruzi inapenya katikati ya waombolezaji, inatafuta pa kukaa.

"We mzee una wazimu?" akamnong'oneza. "Si nimekwambia ujifiche kwa jirani?"

"Jirani yuko hapa. Mtaa mzima uko hapa," akasema Mzee Feruzi. "Nisije kwenye msiba wangu, watu watanionaje?"

Kabla hajamjibu, ving'ora vikalia, Mtukufu akaingia. Amekonda. Mkono wa kulia umeshika kifundo cha mkono wa kushoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza.

"Fungueni."

Waziri akageuka rangi ya jivu. Idrisa akafumba macho. Bi Mashavu akanyakua sahani, akaipakia pilau mpaka ikawa kichuguu, akapita katikati ya walinzi kwa ile haki waliyonayo wanawake wazee wenye chakula mkononi.

"Mtukufu, na mimi mtu nisiyesoma niulize neno?"

"Uliza."

"Msibani watu wote wanakula. Wafiwa wanakula, majirani wanakula, na waliopotea njia wanakula. Ni nani peke yake asiyekula?"

Mawaziri wakatafakari. Wawili walitoa kalamu. Mtukufu akalitazama jeneza, akaitazama sahani.

"Marehemu," akasema.

"Basi kula, baba."

Mtukufu akapokea, akainusa. Akampa Waziri aonje kwanza; Waziri akaonja, hakufa, ingawa siku hiyo angependelea. Ndipo Mtukufu akatia tonge kinywani. Akatafuna huku anasikiliza. Uwanja mzima ukazuia pumzi.

"Inapita, Mtukufu?" Waziri akanong'ona.

"Inapita." Chozi likamdondoka. "Jamani, inapita!"

Watu wakapiga makofi. Jeneza likasahauliwa palepale. Mtukufu akaketi mkekani, akaomba sahani ya pili, na ya pili ilipofika nusu akamgeukia mzee aliyekuwa anakula pembeni yake kwa utulivu.

"Wewe ulimjua marehemu?"

Upawa wa Bi Mashavu ukasimama hewani.

"Kwa karibu sana, Mtukufu," akasema Mzee Feruzi. "Tulikaa nyumba moja."

"Alikuwa mtu wa namna gani, mpaka mji mzima umpandie basi?"

Mzee Feruzi hakumtazama Mtukufu. Alitazama kwenye masufuria. "Mwoga. Alikuwa na neno la kumwambia mwanamke mmoja, akakaa nalo kooni mwaka mzima. Kila Alhamisi anasema leo, na kila Alhamisi anashika koleo."

"Neno gani?"

"Waoane. Asihangaike tena kuvunja miavuli. Aje tu."

"Akafa hajalisema?"

"Ilibidi afe kwanza, Mtukufu."

"Mpumbavu," akasema Mtukufu, akatafuna. "Huyo mwanamke naye angemjibu nini?"

 Idrisa alifumbua macho. Bi Mashavu akainama, akachagua pande la nyama lililonona kuliko yote, akamwekea mzee sahanini.

"Angekubali tangu njiti ya kwanza," akasema.

Mgomba ukazikwa kwa mizinga. Wanasema umechipua, na serikali imeweka askari pale kuuzuia.

*

Kuna faida zake kuwa marehemu katika nchi kama ile. Mzee Feruzi hakuulizwa tena kitu na mtu yeyote. Aliendelea kukaa barazani kwake, na maofisa wakipita walimsalimu bila kumwona.

Idrisa, aliyepandishwa cheo, alikwenda Darajambili mchana mmoja bila tai. "Mzee, nimekuzika mwenyewe," akamwambia. "Sasa nitakuozesha mama yangu mwenyewe. Ukimkera, nitashindwa hata kukushtaki."

Mahari aliyoitaka Bi Mashavu ilikuwa mwavuli mpya, wenye njiti zote.

Basi ikaja Alhamisi nyingine. Msiba wa Feruzi ulikuwa umetangazwa kwisha, na Wizara ikaanza utafiti wa awamu ya pili. Mji nao haukulala. Hakuna aliyetaka kuulizwa tena maiti, kwa hiyo wote wakahamia upande wa pili. Karani Salehe alipanda namba tisa, kofia imerudi kichwani.

"Harusini," akasema yule wa jezi.

"Harusini," akasema binti wa kucha. Wazee wa bao, harusini. Mama wa keki akasema harusini, na kwa mara ya kwanza keki na mwenyewe wakapatana maneno.

"Na wewe, bibi?"

Bi Mashavu alikuwa na hina mpaka kwenye viwiko, na mwavuli mzima mapajani. Akajiona amechoka kudanganya. Akaamua, mara moja maishani, aipe serikali ukweli mtupu.

"Harusini, mwanangu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Basi zima likaangua kicheko. Karani hakucheka. "Bwana harusi nani, bibi?"

"Feruzi. Fundi miavuli wa Darajambili."

"Yule marehemu?"

"Huyohuyo."

Karani Salehe akamwangalia kwa muda, na ile hina, na ule mwavuli. Yeye alikuwepo kwenye mazishi. Alilia kwa leso yake mwenyewe.

"Bibi, mimi nahitaji ukweli."

"Ndiyo huo nimekupa."

"Mwandikie msibani, Karani," akasema mama wa keki kwa huruma. "Huoni? Hajapoa bado."

Karani akavua kofia, akaandika, akampigapiga bega. "Pole sana, bibi yangu."

"Asante, mwanangu," akasema Bi Mashavu, akashuka Darajambili, ambako pilau ilikuwa inafunuliwa.

Ripoti ikasomwa Ikulu na Idrisa, mikono yake bado inanukia marashi. Hali ya taifa ni ya furaha, akasema. Abiria wote wa nchi hii, wanawake kwa wanaume, wanakwenda harusini. Mawaziri wakapiga makofi.

"Wote?" Mtukufu akauliza.

"Wote, Mtukufu. Isipokuwa bibi mmoja. Yeye... imeandikwa anakwenda msibani."

Makofi yakakatika.  Mkono wa kulia wa Mtukufu ukapapasa chini ya meza, polepole, ukakishika kile kifundo cha kushoto.

"Leteni pilau," akanong'ona.